Mahandaki ya Mtandao Kutoka Garissa: Mwongozo kwa Fundi wa Kaskazini Mashariki

Fundi aliye katikati ya Nairobi, ofisi yake ya pili ikiwa Westlands, handaki likikatika anapanda matatu, anafika, anachomeka waya kwenye ruta na kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Wewe uliye Garissa, na kituo chako cha pili kiko Hulugho au Modogashe, hesabu yako ni nyingine. Barabara ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Karibu na mpaka wa Somalia huwezi kuondoka bila kuulizia usalama kwanza, na minara ya simu ya ukanda huu imeshambuliwa na al-Shabaab mara nyingi mno. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya El Niño yaliikata barabara ya Nairobi pale Madogo, ng'ambo tu ya Mto Tana, na 2024 maji yakarudi, watu wakawa wanavushwa kwa boti.

Kwa hiyo nakushauri hivi tangu mwanzo: lijenge handaki lako ukiwaza siku ambayo hutaweza kufika huko. Aina ya handaki, mpangilio wa anwani, hata saa ya ruta, vyote vipimwe kwa kipimo hicho. Handaki lenye kasi ambalo haliwezi kujiinua lenyewe baada ya stima kukatika halitufai huku.

Handaki lenyewe, ambalo mafundi wengi huliita VPN tu, si kitu cha ajabu. Ruta ya kituo cha mbali, tuseme Masalani, inachukua pakiti ya ofisi, inaifunga kwa siri ndani ya pakiti nyingine na kuituma kupitia intaneti ya kawaida. Ruta ya upande wa pili inaifungua na kuikabidhi kwa mtandao wake. Kompyuta za pande zote mbili zinajiona zimo katika mtandao mmoja. Kufunga huko kwa siri si jambo la hiari unapounganisha zahanati: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti, na rekodi ya mgonjwa wa Balambala haifai kupita uchi kwenye laini ya mtu mwingine.

Tazama kwanza laini ulizo nazo

Mjini Garissa una nafuu. Faiba ya serikali, NOFBI, imefika makao makuu ya kaunti, na stima ya gridi ipo. Nje ya mji mambo hubadilika haraka. Miji ya Wajir na Mandera imekuwa ikipata umeme kutoka mitambo ya dizeli isiyoungana na gridi ya taifa, na vituo vidogo vinaishi kwa paneli na betri. Kwenye barabara ya Isiolo hadi Mandera, yenye zaidi ya kilomita 700, mpango unaofadhiliwa na Benki ya Dunia ni kulaza faiba pamoja na lami. Kwingineko utakuta laini ya simu ya 4G, au Starlink iliyoanza huduma nchini Julai 2023, au dishi la zamani la setilaiti.

Mafundi wengi hukimbilia kupima kasi. Mimi nataka uangalie anwani kwanza. Ingia kwenye ruta ya kituo, tazama anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, ujue umefichwa nyuma ya NAT ya mtoa huduma. Wateja wengi wanatumia anwani moja ya umma, na hakuna aliye nje anayeweza kukugongea mlango. Laini za simu na Starlink ya kawaida ziko hivyo. Ukipanga kitovu, yaani ruta au seva ya kati inayoviunganisha vituo vyote, kikipigie kituo, utasubiri hadi uchoke.

Ndiyo maana kituo cha mbali kinapaswa kupiga na kitovu kupokea. Kitovu peke yake ndicho kinachohitaji anwani ya umma isiyobadilika. Lipia hiyo moja, vituo vingine vyote viache na laini zilizopo.

Kitovu kiwe wapi? Ofisi nyingi hukiweka makao makuu Garissa kwa sababu bosi yuko hapo. Kama una faiba yenye anwani ya umma na betri za kutosha, sawa. Lakini kama hakuna kinachokulazimisha, kodi seva ndogo katika kituo cha data cha Nairobi, kisha Garissa yenyewe iwe tawi kama Masalani na Dadaab. Faiba ya Garissa ikikatwa na mchimba barabara, matawi mengine yanaendelea kufikia mifumo iliyo kwenye seva. Usivutwe na seva za bei nafuu za Ulaya. Pakiti itateremka hadi Mombasa, ivuke bahari, irudi njia ile ile, ilhali watoa huduma wa Kenya hubadilishana pakiti zao humu humu nchini kupitia kituo cha mabadilishano ya intaneti, KIXP. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki iliyumba kwa siku kadhaa. Handaki linaloishia Nairobi halina sababu ya kuitegemea bahari.

Dadaab, karibu kilomita 100 kutoka Garissa, ina funzo lake. Mwaka 2011, njaa na vita vya Somalia vilipojaza kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera kwa watu zaidi ya 400,000, mashirika ya misaada yalitegemea sana madishi ya setilaiti, kila ofisi na lake, hivi kwamba faili ya kwenda kwa jirani ilipanda angani na kushuka tena. NetHope, Inveneo na Cisco wakashirikiana kujenga mtandao wa redio wa kuziunganisha ofisi hizo pale pale. Kabla ya kuchora mahandaki yako, uliza nani anazungumza na nani. Kama vituo viwili vya mji mmoja vinatumiana faili kutwa, viunganishe kwa redio ya masafa mafupi. Kuvipitisha Nairobi na kurudi ni kuvinyima kasi na kula bando.

Aina ya handaki

Kwa vituo vya mbali chagua WireGuard. Iliingia katika kiini cha Linux mwaka 2020, na ruta za MikroTik, ambazo zimejaa kwenye makabati ya ofisi zetu, zinayo tangu toleo la 7 la mfumo wao. Inatumia poti moja tu ya UDP, inapita NAT bila taabu, na ikipoteza laini haina kikao cha kuanzisha upya kwa mkono: laini ikirudi, inapiga tena. Mipangilio yake ni michache kiasi kwamba unaweza kumsomea mtu kwa simu. Hilo la mwisho ndilo linalonishawishi zaidi.

GRE na EoIP ni nzuri mahali pake, kati ya ofisi mbili zenye anwani za umma zisizobadilika. Lakini hazifungi chochote kwa siri, na zinatumia itifaki namba 47 isiyokuwa na poti, kwa hiyo NAT ya mtoa huduma haijui izipeleke wapi. Utaona handaki limewaka kwenye skrini na hakuna kinachopita. IPsec ni imara na inakubalika na ruta karibu zote. Ukiunganishwa na ofisi ya taifa inayotumia Cisco huenda usiwe na chaguo. Hakikisha UDP 500 na 4500 ziko wazi, na pande zote mbili zilingane katika kila kipengele, kwani tofauti moja ndogo katika aina ya usimbaji inatosha kulikataa handaki.

Jambo moja nalisisitiza: usiunganishe mitandao ya vituo kama swichi moja ndefu, hata kama EoIP inakuruhusu. Kila ujumbe ambao kompyuta moja inautangazia mtandao mzima utasafiri kwenye bando la kila kituo, na kitanzi cha waya kilichofungwa kwa bahati mbaya Modogashe kitazimisha Garissa. Kila kituo kiwe na mtandao wake, na ruta zielekezane.

Anwani

Migongano mingi huanzia hapa. Ruta mpya ya MikroTik hutoka kiwandani na 192.168.88.0, nyingine na 192.168.1.0, na mafundi wanaziacha hivyo hivyo. Vituo viwili vikiwa na mtandao ule ule, handaki haliwezi kujua 192.168.1.20 ni mashine ya wapi.

Kwetu kuna mpango rahisi kukumbuka: namba za kaunti. Garissa ni 7, Wajir 8, Mandera 9. Basi vituo vya Garissa viwe 10.7, vya Wajir 10.8, vya Mandera 10.9, na sehemu ya tatu ya anwani iwe namba ya kituo. Makao makuu 10.7.1.0/24, Masalani 10.7.2.0/24, Dadaab 10.7.3.0/24, na kuendelea. Handaki lenyewe lipe mtandao wa pekee, tuseme 10.255.7.0/24, kitovu kikiwa .1 na Masalani .2. Fundi atakayekurithi akiona 10.8.4.15 kwenye kumbukumbu za makosa atajua mara moja kwamba ni Wajir. Ila laini za simu nazo mara nyingine hukupa anwani inayoanza na 10 upande wa nje. Hakikisha haiangukii kwenye mitandao uliyoigawa.

Kuliwasha

Anza na kitovu. Unda kiolesura cha WireGuard. Kitajitengenezea jozi ya funguo, wa siri na wa umma. Ufunguo wa siri usitoke kwenye ruta hiyo, usiutume kwa WhatsApp wala usiuhifadhi kwenye daftari la ofisi. Chagua poti, 51820 ndiyo iliyozoeleka. Ipe kiolesura anwani 10.255.7.1/24. Fungua poti hiyo ya UDP kwenye fayawoli, katika mnyororo wa pakiti zinazoingia kwenye ruta yenyewe, na kanuni hiyo ikae juu ya ile inayotupa kila kitu. Kanuni sahihi iliyowekwa chini ya katazo ni kama haipo.

Nenda kwa ruta ya Masalani ikiwa bado mezani kwako Garissa. Usiipeleke kabla haijafanya kazi hapo ofisini kupitia laini ya simu ile ile itakayotumia huko. Unda kiolesura, ukipe 10.255.7.2/24, mwongeze kitovu kama mwenzake: ufunguo wa umma wa kitovu, anwani yake ya umma, poti, na anwani zinazoruhusiwa, yaani 10.255.7.1/32 na 10.7.1.0/24. Kisha weka pigo la kila sekunde 25. Pigo hilo ndilo linaloiweka wazi njia ndani ya NAT ya mtoa huduma. Bila hilo, kituo kikikaa kimya kwa dakika chache kitovu hakiwezi tena kukifikia. Usihofu kuhusu bando: mapigo hayo pamoja na salamu za kubadilisha funguo hayafiki megabaiti 20 kwa mwezi.

Rudi kwenye kitovu, uiandikishe Masalani: ufunguo wake wa umma, na anwani zinazoruhusiwa 10.255.7.2/32 na 10.7.2.0/24. Hapa usiandike anwani ya nje ya kituo, kwa kuwa inabadilika; kitovu kitaijua kutokana na pakiti za kwanza. Mwisho, njia. Kwenye Linux zana ya kawaida ya WireGuard huweka njia yenyewe, kwenye MikroTik hapana: andika kwamba 10.7.2.0/24 hupitia kiolesura cha handaki, na upande wa Masalani vivyo hivyo kwa 10.7.1.0/24.

Usipitishe intaneti yote ya kituo kwenye handaki. Masasisho ya Windows na video zitakwenda Nairobi kwanza kisha ndiyo zitoke, na bando litaisha kabla ya katikati ya mwezi. Mifumo ya ofisi pekee ndiyo ipite humo.

Pakiti kubwa zinapokwama

Kati ya matatizo yote, hili ndilo linalowapotezea mafundi siku nzima, kwa sababu linajificha. Handaki limewaka. Pingi inajibu vizuri. Ukurasa wa kuingia kwenye mfumo unafunguka, mtumiaji anaandika nywila yake, halafu skrini inaganda. Faili dogo linafika, kubwa halifiki. Mtu wa Masalani anakuambia mtandao uko polepole, wewe unapima unaona uko sawa.

Sababu ni ukubwa. Laini ya kawaida inabeba pakiti ya hadi baiti 1500. WireGuard inaongeza 60 kwenye kila pakiti inayosafiri kwa IPv4, na 80 kwa IPv6, kama gunia lililovikwa gunia jingine: unene umeongezeka na mlango ni ule ule. Ndiyo maana kiolesura chake huja na kikomo cha 1420, kilichoziachia nafasi hizo 80. Lakini laini nyingi za simu hazibebi 1500 kamili, na njiani kuna ruta zinazotupa pakiti iliyozidi bila kumwarifu aliyeituma, kwa vile mtu fulani alifunga ujumbe wote wa ICMP akidhani anaongeza usalama.

Pima, usikisie. Ukiwa kwenye kompyuta ya Linux kituoni, piga anwani ya umma ya kitovu kwa amri ping -M do -s 1472, ambayo inakataza pakiti kukatwa vipande. Hizo 1472 pamoja na 28 za vichwa ni 1500. Ikikataa, shuka kumi kumi hadi ipite. Tuseme imepita kwenye 1412: laini yako inabeba 1440, toa 60, kikomo cha handaki ni 1380. Kiweke pande zote mbili, kisha rudia kipimo ndani ya handaki kwa 1352. MikroTik inahesabu vichwa ndani ya ukubwa unaouandika, kwa hiyo huko usijumlishe tena 28.

Baada ya hapo weka kanuni kwenye ruta ya kupunguza MSS ya miunganisho ya TCP inayopita kwenye handaki, iwe pungufu ya kikomo kwa 40. Kwa 1380 ni 1340. Hiyo inazifanya kompyuta zikubaliane mapema kutuma pakiti ndogo. Na kama kituo kiko mbali mno na laini yake inabadilika badilika, leo 4G kesho Starlink, mimi ningeweka 1280 tu na kuendelea na kazi nyingine. Utapoteza asilimia chache za kasi na kupata usingizi.

Saa ya ruta

Ruta nyingi za bei nafuu hazina betri ya saa. Stima ikikatika, saa inarudi nyuma, mara nyingine hadi mwaka 1970. Kwenye ofisi yenye stima ya kudumu huwezi kuliona tatizo hili. Huku kwetu, ambako betri ya sola huisha alfajiri na ruta huamka jua likipanda, utaliona.

WireGuard huweka muhuri wa muda ndani ya kila salamu ya kuanzisha mawasiliano. Kitovu kinakumbuka muhuri wa mwisho wa kila kituo, na salamu yenye muhuri wa zamani kinaitupa, kwa kudhani ni mtu anayerudia pakiti aliyoinasa. Ruta ya Masalani ikiamka ikiamini ni mwaka uliopita, itapiga na kupiga bila kujibiwa. Hakuna ujumbe wa kosa. Kinachochanganya zaidi ni kwamba ukiwasha upya kitovu handaki linarudi, kwa vile kumbukumbu ya mihuri imefutika, nawe unabaki ukikilaumu kitovu kisicho na hatia.

Dawa ni kuipa ruta seva za saa inazoweza kuzifikia nje ya handaki. Ukiielekeza ichukue saa kutoka seva ya ofisi iliyo 10.7.1.5, umefunga kitanzi: saa inalisubiri handaki, handaki linasubiri saa. Hali ni hiyo hiyo kwa DNS. Kama ruta inatafuta jina la kitovu kupitia DNS iliyo ndani ya handaki, haitalipata kamwe baada ya kuwaka. Ipe DNS ya mtoa huduma, au andika anwani ya kitovu kwa tarakimu.

Laini mbili

Kituo muhimu kiwe na laini mbili za njia tofauti kabisa. Laini mbili za simu zinazotegemea mnara mmoja ni laini moja. Mnara ukilipuliwa au ukikosa dizeli, zote zinazima. Changanya simu na setilaiti.

Kubadilisha laini kuna mtego wake. Faiba ikikatika mbali, taa ya ruta yako inabaki kijani, na jedwali la NAT linaendelea kukumbuka kwamba mawasiliano ya WireGuard yanatoka kwa anwani ya faiba. Ruta inahamia laini ya pili, lakini pigo la kila sekunde 25 linaifanya kumbukumbu ile ya zamani isife, na pakiti zinaendelea kutoka na anwani isiyofaa. Intaneti ya kituo inafanya kazi, handaki halifanyi. Andika hati fupi kwenye ruta: laini ikibadilika, futa kumbukumbu za UDP zinazoelekea poti 51820. Pia ipime laini kwa kupiga anwani ya mbali, usiamini taa.

Kama laini ya pili ni dishi la setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, tarajia kuchelewa kwa milisekunde 600 hivi kwenda na kurudi. Modemu za madishi hayo hupunguza uchungu huo kwa kuharakisha TCP, ila haziwezi kuharakisha kilichofungwa kwa siri. Mfumo uliokuwa ukivumilika bila handaki utakuwa mzito ndani yake, na hakuna mpangilio wa ruta utakaoliondoa hilo. Kwenye laini hiyo ruhusu kazi za lazima tu. Starlink, ambayo setilaiti zake ziko chini sana, haina shida hiyo.

Kituo kimezima: uanzie wapi

Anza chini upande juu, na usiruke hatua kwa sababu unahisi unajua jibu. Je, ruta ina umeme? Imepata joto kupita kiasi? Kabati la bati lisilo na tundu la hewa linaweza kuigandisha ruta saa nane mchana na kuiachia jioni. Hitilafu inayokuja na jua na kuondoka na jua itazame kwa jicho hilo. Je, bando limeisha? Swali hilo la mwisho linadharauliwa, nalo ni jibu mara nyingi kuliko inavyostahili.

Laini ikiwa hai, tazama muda wa salamu ya mwisho kwenye kitovu. Ukiwa na mapigo ya sekunde 25, salamu hufanywa upya kila baada ya dakika 2 hivi. Ikizidi dakika 3 bila mpya, handaki limekufa. Omba mtu wa kituoni akusomee hesabu za baiti: zinazotoka zinapanda na zinazoingia ni sifuri? WireGuard humnyamazia kabisa asiye na ufunguo sahihi, basi angalia ufunguo wa umma herufi kwa herufi, poti, fayawoli ya kitovu, na ile saa. Salamu zikiwa zinakatika na kurudi kila mara, chunguza kama kuna ruta mbili zenye ufunguo mmoja wa siri. Hutokea fundi anaponakili mipangilio ya Masalani nzima kwenye ruta ya Hulugho: zinanyang'anyana nafasi kwenye kitovu, kila moja ikimtoa mwenzake.

Kama kituo cha zamani kilizima siku ile ile ulipoongeza kipya, tazama anwani zinazoruhusiwa. Mtandao mmoja hauwezi kuwa wa wenzao wawili. Wa mwisho kuandikwa ndiye anayeuchukua, na wa kwanza ananyang'anywa bila taarifa. Orodhesha mitandao ya kila kituo, usiandike 10.7.0.0/16 kwa uvivu.

Salamu ziko sawa lakini kompyuta hazifikiani? Piga kwanza 10.255.7.2, kisha anwani ya ndani ya ruta, 10.7.2.1, kisha kompyuta yenyewe. Inapokomea ndipo palipo na tatizo. Ikikomea kwenye anwani ya ndani ya ruta, njia haipo. Ikikomea kwenye kompyuta, fayawoli ya ruta inazuia pakiti zinazopita au, mara nyingi zaidi, ni Windows, ambayo kwa kawaida huzikubali pingi za mtandao wake wa karibu tu. Na kama seva inaona wageni wote wa Masalani wakiwa na anwani moja, kanuni yako ya NAT haikutajiwa kiolesura cha nje na inazifunika hata anwani za ndani.

Kubadilisha kitu ukiwa mbali

Usiguse mipangilio ya handaki kupitia handaki lenyewe bila njia ya kurudi. MikroTik ina hali salama: iwashe kwenye terminali, fanya mabadiliko, na ukikatika kabla ya kuyathibitisha ruta inayafuta yenyewe. Kwenye Cisco, iamuru kwanza ijizime na kuwaka baada ya dakika 10, fanya kazi yako bila kuhifadhi, na mambo yakienda vyema ifutie amri ile ndipo uhifadhi. Toleo jipya la programu ya ruta lijaribu kwanza kwenye ruta ya akiba mezani, kisha kituo cha karibu, Hulugho iwe ya mwisho.

Weka pia hati ya kujiponya. Ruta ipime kitovu na anwani moja ya umma isiyohusiana nacho. Vyote viwili vikikosekana kwa nusu saa, iwashe upya modemu. Kwa saa mbili, ijiwashe upya yenyewe. Kitovu kikikosekana peke yake, isifanye lolote, maana tatizo liko kwako, na kujiwasha kila mara kutaiharibu bure.

Ndani ya mlango wa kabati bandika karatasi, kwa Kiswahili na Kisomali, inayomweleza mhudumu wa zahanati waya upi ni wa umeme, upi wa dishi, taa ipi inapaswa kuwaka, na namba ya kupiga. Andika kwa herufi kubwa kwamba kile kitundu kidogo cha nyuma kisichokolewe kwa pini hata kidogo, kwa kuwa kinafuta kila kitu. Nakala ya mipangilio ya kila kituo iwe Garissa, pamoja na ruta moja ya akiba ambayo tayari ina mpangilio wote isipokuwa ufunguo wa siri na namba ya kituo, ili ruta ya kituo ikiharibika uimalize hii mezani na kuiandikisha kwenye kitovu, kisha dereva wa gari la dawa linaloelekea huko aibebe kwenye boksi lenye mchoro wa waya, na mhudumu aichomeke tu.